Kwa Nini Dhahabu Haimo Kwenye Hesabu ya Dhahabu

Mwombe mkemia akuandikie hesabu inayotawala matenki ya sayanaidi ya Bugarama, naye atakuandikia karibu kila kitu. Sayanaidi itakuwemo, oksijeni itakuwemo, hata alikali inayozaliwa njiani itakuwemo. Ile metali ya njano ambayo watu wameacha mashamba ya pamba na mpunga kuifuata haitaonekana. Wala maji hayatakuwemo, ingawa tenki zima limejaa maji.

Bugarama ni kata ya Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Nje ya uzio wa mgodi huo, ukanda wote kuanzia hapo hadi Geita umejaa maduara ya kuchimbia, makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu na matenki ya kulowekea marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita kwenye mwalo na bado una dhahabu ndogondogo isiyoonekana kwa macho. Mkubwa na mdogo hutofautiana kwa mitaji na mitambo, lakini kemia yao ni moja:

4Au + 8CN⁻ + O₂ + 2H₂O ⇌ 4[Au(CN)₂]⁻ + 4OH⁻

Dhahabu, ikikutana na ayoni za sayanaidi mbele ya oksijeni na maji, huacha kuwa metali na kuingia majini ikiwa imebebwa na sayanaidi mbili, moja kila upande. Mshale wenye vichwa viwili unasema kwamba mmenyuko huenda na kurudi. Safari ya kwenda ikilingana kasi na ya kurudi, tunasema msawazo umefikiwa, na hapo uwiano kati ya mazao na malighafi huwa namba moja isiyobadilika maadamu joto halijabadilika. Namba hiyo ndiyo kisobadilika cha msawazo, K. Kwa mmenyuko wetu huandikwa hivi:

K = [Au(CN)₂⁻]⁴ × [OH⁻]⁴ ÷ ([CN⁻]⁸ × [O₂])

Mabano yanasimama badala ya neno ukolezi, na vipeo vinatoka kwenye tarakimu za mlinganyo wa juu. Au na H₂O zimeachwa nje.

Wanafunzi wetu hukutana na msawazo Kidato cha Tatu, na wengi hupewa kanuni ya kukariri: gesi andika, kilichoyeyuka majini andika, yabisi safi na kimiminika safi usiandike. Kwa mtihani inatosha. Kwa mtu atakayekwenda kusimamia tenki haitoshi, maana anayejua kwamba yabisi haiandikwi bila kujua sababu ataishia kudhani kwamba yabisi haina kazi, au atashangaa kwa nini kuongeza mfuko wa chokaa hakukubadilisha kitu.

Sababu yenyewe ni ndogo. Ukolezi ni kiasi cha dutu ndani ya nafasi inayoikalia. Lita moja ya dhahabu safi ina uzito wa kilo 19.3, na moli moja ya dhahabu ni gramu 197, kwa hiyo ndani ya lita moja mna moli 98. Sasa kata kipande. Kikate tena, mpaka upate punje isiyoonekana bila darubini. Uzito umepungua, nafasi nayo imepungua vilevile, na ukolezi bado ni moli 98 kwa lita. Hakuna namna ya kuifanya dhahabu safi iwe hafifu zaidi au nzito zaidi ndani ya nafasi yake. Kitu ambacho namba yake ni ileile kila siku, katika kila tenki, hakina habari ya kuipa hesabu. Namba hiyo inamezwa ndani ya K mara moja na mambo yanaendelea.

Mashemeji wawili wa Norway, Cato Guldberg na Peter Waage, waliotangaza sheria ya wingi tendaji mwaka 1864, walikwishaona kwamba yabisi huchangia kwa kiwango kisichobadilika. Mwaka 1907 Mmarekani Gilbert Lewis aliliweka jambo hilo vizuri zaidi. Alipendekeza kwamba kila dutu ilinganishwe na hali yake ya rejea. Dutu safi ya yabisi au ya kimiminika ikilinganishwa na nafsi yake hutoa 1, na kuzidisha au kugawanya kwa 1 hakubadilishi chochote. Kwa hiyo dhahabu haijafutwa. Ipo, imeandikwa 1, na mkono wa mwandishi umeona uvivu kuiandika.

Maji yanapata upendeleo huo kwa mlango wa pembeni. Lita ya maji ina moli 55 na nusu za maji. Tenki la mchenjuaji likiwekewa nusu gramu ya sayanaidi ya sodiamu kwa kila lita, hiyo ni moli 0.01. Hata sayanaidi yote ikitumika, maji yatakayoliwa na mmenyuko ni tone baharini, na 55 itabaki 55. Kwa hiyo tunayachukulia kama kimiminika safi ingawa tunajua si safi. Hapa kemia inafanya makadirio, na inafaa kusema wazi: kwenye maji ya chumvi kali au majitaka mazito ya kiwandani, makadirio hayo huanza kuyumba.

Oksijeni haipati upendeleo wowote, kwa kuwa gesi hubanwa na kutanuka, na kiasi chake majini hufuata kanieneo yake hewani. Kando ya bahari, kwenye nyuzi 25, maji hubeba miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Bugarama iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari; kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi, na oksijeni inayoingia majini hupungua kwa kiasi hichohicho, hadi miligramu 7 na kidogo. Geuza hizo ziwe moli, utapata kama 0.0002 kwa lita. Mlinganyo unataka sayanaidi 8 kwa kila oksijeni 1. Tenki letu la nusu gramu lina sayanaidi zaidi ya 40 kwa kila oksijeni 1. Ndiyo maana mwenye tenki anayeongeza sayanaidi kila anapoona mambo yanakwenda polepole mara nyingi anatupa fedha. Kilichopungua ni hewa, na pampu inayomwaga maji juu ya mchanga kwa kishindo ingemsaidia kuliko pipa jingine la sayanaidi.

Lakini kasi ni habari nyingine, na K haina neno juu yake. K ya mmenyuko huu ni kubwa kupita kiasi: takribani 1 ikifuatwa na sufuri 66. Ukiisoma peke yake utadhani dhahabu itayeyuka kabla hujafunga mfuniko. Hali halisi ni kwamba hata mazingira yakiwa mazuri kabisa, punje ya dhahabu yenye upana wa mikromita 44 huchukua saa 13 hivi kuisha, na ya mikromita 150 huchukua kama saa 44. Hapa yabisi iliyoachwa nje ya hesabu inarudi kwa nguvu zote, kwa sababu sayanaidi hula uso wa punje, na uso huongezeka kila karasha linaposaga zaidi. Kusaga hakubadilishi K hata chembe. Kunabadilisha lini utafika huko. Dhahabu ya punje kubwa, ile inayoonekana, inanaswa kwenye mwalo kwanza kwa sababu hiyohiyo: tenki lingeichelewesha mno.

Chokaa, ambayo mchenjuaji huitia tenkini kupandisha pH, inafundisha somo hili la yabisi vizuri kuliko dhahabu, tena kwa bei nafuu.

Weka pipa la lita 200 la maji safi, kisha mwaga humo mfuko wa kilo 25 wa chokaa iliyozimwa na ukoroge. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Yaache yatulie. Weupe utashuka chini, juu yatabaki maji maangavu, na ukipima pH ya hayo maji utapata kama 12.4. Mwaga mfuko wa pili, koroga, ngoja, pima. 12.4. Mfuko wa tatu, 12.4. Kati ya kilo 25 za mfuko wa kwanza, zilizoyeyuka ni kama gramu 320 tu. Zilizobaki zimelala chini kama yabisi, na yabisi haina usemi juu ya ukolezi wa msawazo:

Ca(OH)₂ ⇌ Ca²⁺ + 2OH⁻,  K = [Ca²⁺] × [OH⁻]²

Mfuko wa pili na wa tatu si bure hata hivyo. Ukimimina asidi ndani ya pipa, chokaa iliyolala huyeyuka kuziba pengo, na pH hushikilia palepale mpaka yabisi yote iishe, kisha huporomoka. Mapipa mawili yanaweza kuonyesha 12.4 sawasawa, moja likiwa na akiba ya wiki nzima na jingine likiwa limebakiza kiganja kimoja cha chokaa. Kipima pH hakiwezi kukutofautishia. Mwiko mrefu wa kukorogea unaweza, kwa sababu unagusa kilicholala chini. (Na tofauti na sukari, chokaa huyeyuka pungufu kadiri maji yanavyopata joto, hivyo pipa lililokaa juani mchana kutwa huwa na chokaa kidogo zaidi majini kuliko lile la alfajiri.)

Chokaa yenyewe ni mtoto wa kisobadilika kingine, chepesi zaidi. Mawe ya chokaa, yawe ya ukanda wa Amboni kule Tanga au matumbawe ambayo watu wa pwani waliyachoma kwa karne nyingi kupata chokaa ya kujengea Kilwa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, hugawanyika yakipashwa moto:

CaCO₃ ⇌ CaO + CO₂

Jiwe ni yabisi, chokaa mbichi ni yabisi, na zote mbili hazimo. Kinachobaki ni gesi peke yake: K ni kanieneo ya kaboni dayoksaidi, basi. Kanieneo hiyo hulingana na ya hewa nzima ya kawaida kwenye nyuzi 900 hivi. Kwenye nyuzi 800 ni kama sehemu moja ya tano tu ya hapo. Tanuru lililozibwa kwenye nyuzi 800 lingekwama, kwa kuwa gesi ingejaa hadi kufikia kiwango cha K na mmenyuko ungesimama hata kama ndani mna tani kumi za mawe. Wachomaji wa pwani walipanga matumbawe juu ya magogo mahali penye upepo. Upepo ulichochea moto, na papo hapo ulikuwa ukiiondoa gesi, hivyo msawazo haukupata nafasi ya kufikiwa. Hawakuhitaji kuijua K ili waishinde.

Geuza mlinganyo huo sasa, maana kwenye joto la kawaida unakwenda kinyume. Hewa tunayovuta ina kaboni dayoksaidi kama asilimia 0.04, kiasi kidogo, lakini kanieneo ya msawazo kwenye nyuzi 30 ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali mno. Chokaa iliyoachwa wazi stoo basi hunyonya gesi hiyo na kurudi kuwa jiwe. Haibadiliki rangi. Bado ni unga mweupe, bado mfuko una chapa ileile na uzito wake hata umeongezeka, na mwenye stoo anaona ana mali. Ila ukiuloweka unga huo, maji yaliyo wazi kwa hewa hayatafika 12.4, yataishia karibu na 8.3, umwage mfuko mmoja au kumi.

Hapo ndipo maisha ya watu yanapoingia. Sayanaidi majini ina msawazo wake, na pH ndiyo inayoutawala:

HCN ⇌ H⁺ + CN⁻

Kwenye pH ya 9.2 nusu yake ni ayoni, nusu ni HCN. Kwenye 10.5, ambapo wachenjuaji wanashauriwa kukaa, asilimia 95 ni ayoni zilizofungwa majini zikila dhahabu. Kwenye 8.3, karibu asilimia 90 ni HCN, na HCN huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, joto ambalo mchana wa Bugarama unalifikia bila shida. Dutu hii moja sasa iko katika hali mbili, iliyoyeyuka majini na iliyo gesi hewani, na zote mbili zinaandikwa kwenye K kwa kuwa zote zinaweza kuongezeka na kupungua. Kwenye tenki la wazi upepo huiondoa ile ya hewani, ya majini hupanda kuifidia, na sayanaidi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inaondoka usiku kucha. Kwenye tenki lililo ndani ya jengo lisilo na madirisha, upepo haupo. Gesi hujikusanya, na sehemu 300 za HCN katika sehemu milioni za hewa huua mtu kwa dakika chache. Wapo wanaosikia harufu kama ya lozi chungu. Wapo ambao pua zao kwa kuzaliwa haziisikii kabisa, kwa hiyo pua si kipimo. Karatasi ya pH ni kipimo, na bei yake ni ndogo kuliko ya kila kitu kingine kilichopo hapo.

Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu, ina hesabu rahisi hata kuliko tanuru la chokaa. Ni kimiminika safi, na msawazo wake na mvuke wake ni huu tu: Hg majimaji ⇌ Hg mvuke. Kimiminika safi kinaachwa, K inabaki kuwa kanieneo ya mvuke. Kwenye nyuzi 25 hewa iliyoshiba mvuke huo ina miligramu 20 hivi za zebaki kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 1, yaani hewa iliyoshiba imezidi kiwango hicho mara 20,000.

Piga hesabu ya chumba cha kawaida cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2 na nusu. Kukishibisha kunahitaji chini ya nusu gramu ya zebaki: tone moja lenye upana wa milimita 4, la kupotea kwenye ufa wa sakafu. Chupa yenye kilo nzima, ikiachwa wazi katika chumba hichohicho kilichofungwa, itafikisha hewa kwenye kiwango kilekile cha miligramu 20, wala haitakizidi. Mtu anayesema "mimi natumia kidogo tu" anasema jambo la maana kuhusu mto na samaki, lakini kuhusu hewa ya chumba anacholala hajasema chochote. Kinachopandisha kiwango hicho ni joto. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 mvuke huongezeka zaidi ya maradufu, na kwenye kikaango juu ya mkaa, pale donge la zebaki na dhahabu linapochomwa, hakuna haja ya kuhesabu. Ritoti, kile chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoozea, inafanya kazi kwa hesabu hiyohiyo ikienda kinyume. Ndani ni zaidi ya nyuzi 357, ambapo zebaki huchemka. Mwisho wa bomba ni nyuzi 30, ambapo hewa haiwezi kubeba isipokuwa kiasi kidogo sana, na iliyobaki inadondoka majini ikiwa zebaki tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na ritoti ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo wataalamu huwasihi wachimbaji wadogo wawe navyo.

Nimekuwa nikirudia neno safi, na sikulirudia kwa mapambo. Yabisi ikichanganyika na yabisi nyingine chembe kwa chembe, ruhusa ya kuandikwa 1 inaisha. Kaboni ya vifuu vya nazi inayonasa dhahabu kutoka kwenye maji ya tenki ni yabisi, lakini dhahabu iliyo juu yake haijawa donge. Imesambaa kwenye vinyweleo, na kadiri kaboni inavyojaa ndivyo inavyozidi kusita kupokea. Kwa hiyo wenye mitambo ya ilusheni, yaani ya kuitoa dhahabu kwenye kaboni, huhesabu gramu za dhahabu kwa kilo ya kaboni, kwa kuwa namba hiyo inabadilika na inatawala mambo. Wakitaka kuitoa dhahabu huko, huosha kaboni kwa maji ya moto yenye alikali kali, na msawazo hugeuka.

Donge linalokamuliwa kwenye kitambaa ni hivyohivyo. Karibu nusu yake huwa zebaki, na zebaki hiyo si safi tena, imefungamana na dhahabu. Mvuke wake ni pungufu kuliko wa zebaki iliyo peke yake. Ukilichoma, zebaki ya mwanzo huondoka upesi. Kadiri inavyopungua ndani ya dhahabu, iliyobaki inazidi kung'ang'ania, na kile kinachotoka motoni kikiwa na vitundu kama sifongo, mchimbaji akidhani kimekwisha, bado kina asilimia kadhaa za zebaki ndani yake. Huuzwa kikiwa hivyo. Tangu mwaka 2019, masoko ya madini yalipofunguliwa Geita na mikoa mingine, dhahabu hiyo husafiri hadi mjini na kuyeyushwa upya kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na zebaki iliyokuwa imeng'ang'ania hutoka yote. Tanuru la mnunuzi linahitaji bomba na kipoozeo sawa na kikaango cha mchimbaji, hata kama mnunuzi huyo hajawahi kununua zebaki maishani mwake.